Sauti ya koko iko wapi? Neno juu ya programu za kuweka sauti mahali

Mwezi uliopita mdogo wetu mumoja wa chuo aliuliza mu kundi: "Wakubwa, ni programu gani nzuri ya kutengeneza yale matembezi ya sauti? Unatembea na simu, ukifika mahali fulani sauti inaanza yenyewe." Nilimujibu mistari miwili, nikamutajia majina mawili, nikaenda kulala. Kesho yake nilisikia haya. Lilikua jibu la mutu ambaye hajapoteza kitu, na mimi nilipoteza. Basi hili njo jibu la pili. Ni refu, mutanisamehe.

Kwanza tusikilizane juu ya kitu chenyewe. Mutu akisikia "uhalisia ulioongezwa" anafikiria picha: unaelekeza kamera barabarani, mu kioo kunatokea mududu ambaye hayuko, sawa vile Pokémon Go ya mwaka 2016. Lakini kuna ndugu yake anayezungumziwa kidogo sana, nao ni sauti. Simu inabaki mufukoni, macho yanabaki barabarani, na masikio njo yanaongezewa kitu. Unapita mbele ya nyumba na unasikia mutu aliyeishi pale. Msanii wa Kanada, Janet Cardiff, alifanya tembezi lake la kwanza la namna hii kule Banff mu 1991, bila satelite yoyote. Alirekodi sauti yake akitembea, na musikilizaji alifuata hatua zake. Kumbukeni hilo la "bila satelite", nitalirudilia.

Programu za leo karibu zote zinafanya kazi kwa wazo moja. Unafungua ramani kwa kompyuta, unachora duara, unaweka faili la sauti ndani ya duara. Mutu akiingia na simu yake, GPS inasema "ameingia", sauti inacheza. Akitoka, inanyamaza. Echoes inakuruhusu kuchora pia umbo lenye pembe nyingi, kufuata upana wa barabara ao kiwanja. izi.TRAVEL, iliyoanzia Amsterdam mu 2011, haimulipishi mutengenezaji, na makumbusho mengi ya Ulaya yanaitumia. VoiceMap iko ya hapa Afrika, imeanzia Cape Town. Zote tatu zinaruhusu musikilizaji kuteremusha tembezi lote kwanza, kisha atembee bila intaneti. Kwa Goma hilo la mwisho si pambo. Programu isiyofanya hivyo, usipoteze nayo hata dakika kumi.

Sasa niseme kama mutu wa agronomia, juu GPS sisi tunaijua kwa shida zake. Wakati wa kazi yangu ya lisansi nilitaka kupima viparseli vya maharagi kwa simu. Encadreur aliniangalia akacheka, akanipa dekametre. Alikua na haki. Simu mahali peupe, anga lote likionekana, inakosea metre tano hivi. Parseli ya metre kumi kwa kumi ukiipima na kosa la metre tano, unapata shamba la mutu mwingine. Na ile ni mahali peupe! Nenda Katindo Gauche, mu vile vijia kati ya kuta mbili za mawe ya lava, juu mabati, signali ya satelite inagonga ukuta kwanza ndipo inafika kwa simu. Nilichora duara la metre nane mbele ya lango fulani. Sauti ilianza nikiwa nyuma ya parseli ya jirani, kwa shimo la taka. Koko anaeleza mulango wa nyumba yake, mimi naangalia maganda ya ndizi.

Dawa yake ni kuchora maduara makubwa, metre ishirini na tano mpaka arobaini, na kuandika maneno yanayokubali kosa. Usiseme "huu mulango wa bluu mbele yako". Sema "upande huu wa barabara kulikua nyumba". Mafundisho yanayokuja na hizi programu yanaonyesha bustani na barabara pana, anga lote wazi. Muji wenye vijia haumo.

Kuna jambo lingine ambalo linachanganya watu. Wanafikiri GPS inakula mega. Hapana, simu inapokea tu. Lakini mega zikikosekana, simu haipati ule musaada wa mutandao wa kujua satelite ziko wapi, inabidi izisikilize zenyewe. Na satelite inaongea polepole kweli, bit 50 kwa sekunde. Habari za kujua mahali satelite moja iko zinachukua nusu dakika kama signali haikatiki, na orodha ya satelite zote inachukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo musikilizaji wako anawasha simu, anaona hakuna kitu, anasema "haifanye", anaizima. Mwambie asimame mahali wazi dakika chache kabla ya kuanza. Nimeona matembezi yenye sauti nzuri yakihesabiwa kuwa yamekufa kwa sababu ya hilo tu. Simu zetu za bei ya chini pia zina tabia ya kufunga programu kioo kikizimika, ili kulinda batri. Inabidi uende mu mipangilio kuikataza. Sijui ni mama gani wa Katindo atafanya ile kazi juu ya kusikiliza hadisi.

Na masikio. Hapa niko na hasira kidogo. Ekuteri zinazoziba masikio yote mawili, kwenye barabara yenye moto zinazopita pande zote na chukudu iliyobeba makala ikiteremuka bila breki ya kweli, ni mutego. Bose ilikua imeelewa kitu hapo. Mu 2018 ilitangaza mupango wake wa uhalisia ulioongezwa wa sauti, na miwani yenye vipaza-sauti vidogo juu ya sikio, sikio lenyewe linabaki wazi. Miwani ile ilijua hata kichwa kimegeuka wapi. Bei haikua yetu, lakini wazo lilikua sawa. Sisi tunafanya kwa namna yetu: ekuteri moja tu, sikio la pili la barabara. Ukitengeneza, rekodi mono. Ukiweka koko upande wa kushoto na mvua upande wa kulia, mwenye sikio moja atasikia mvua tu.

Mono inasaidia hata kwa mega. Sauti ya mutu kwa kilobit 64 kwa sekunde inatosha vizuri, na dakika ishirini zinakua karibu mega kumi. Ukiacha stereo ya 128, ni mara mbili, na hakuna mutu atakayelipia mara mbili ili asikie pumzi yako vizuri.

Sasa nifike penye kuuma.

Mu 2002 nilikua na miaka ine. Siku ya ine, tarehe 17 mwezi wa kwanza, Nyiragongo ilipasuka na lava ikaingia mu muji, ikapita uwanja wa ndege, ikakata katikati ya Goma mpaka ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Koko alitoka Katindo na mimi mugongoni, akapita katikati ya muji kabla haijakatwa, akaingia Gisenyi usiku. Siku chache nyuma tulirudia kwa miguu, sawa watu wengi, juu ya mawe yaliyokua bado na joto. Mimi sikumbuki kitu. Yeye alikumbuka kila kona.

Miaka michache imepita tangu nilipomutembeza njia ile kidogokidogo, siku mbali na siku, juu magoti yake, na nikamurekodi mahali palepale. Pointi saba. Mahali pamoja kati ya muji alisimama, akapiga chini kwa fimbo: "Njo hapa tulipita, lakini si hapa. Njia yetu iko chini. Ile tulitembea iko chini ya haya mawe." Sijaona chombo chenye kuelewa muji huu kuliko ile sentensi. Ramani ina kulia na kushoto, kaskazini na kusini. Goma iko na chini. Barabara ya mwaka 2001 na barabara ya leo ziko kwenye namba zilezile za GPS, moja imezikwa na nyingine. Picha haiwezi kukuonyesha ile ya chini bila kuiba ya juu. Sauti inaweza. Unakanyaga ya leo na unasikia ya zamani, na hakuna inayofunika mwenzake. Hii njo sababu nilipenda hii kazi, na bado naipenda.

Sauti zile saba nilizipandisha moja kwa moja kutoka simu mpaka programu moja, jina lake nitaliacha. Simu ilikua imejaa, nikafuta. Nilijiambia ziko salama, ziko "kule juu". Tulitumia akaunti ya majaribio. Muda wake uliisha, kazi ikafungwa. Nilitafuta kifungo cha kuteremusha faili zangu za mwanzo, hakikuwako. Niliandika mara tatu, sikujibiwa. Kati ya barua ya pili na ya tatu, koko alikufa.

Nilipata sauti tatu kati ya saba, juu binamu yangu wa Bukavu nilikua nimemutumia kwa WhatsApp ili acheke namna koko alivyomutukana mutu wa moto. Zimebanwa, zinasikika sawa mutu anayeongea ndani ya bidoni. Ile ya fimbo haimo. Maneno niliyoandika hapa juu ni ya kichwa changu.

Kosa langu kubwa liko wazi, sitalikimbia: mutu haachi mbegu yake ya pekee mu gala la mutu mwingine. Tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Lakini nilipoanza kuchunguza, niliona kwamba hata wenye pesa na wanasheria wamepoteza. Mscape, ya maabara ya Hewlett-Packard kule Bristol, ilikua kati ya vyombo vya kwanza vya kumupa mutu asiye fundi uwezo wa kuchora maduara ya sauti. Ilifungwa karibu 2010, pamoja na kazi za watu. Detour, ya Andrew Mason aliyeanzisha Groupon, ilikua na matembezi yaliyotengenezwa kwa uangalifu kabisa, kuanzia San Francisco. Mu 2018 Bose iliinunua, na programu ikazimwa mwaka uleule. Miaka miwili nyuma, mu 2020, Bose nayo ikaacha mupango wake wote wa uhalisia ulioongezwa. Mununuzi wa nyumba naye akabomoa chumba.

Soundscape ya Microsoft ni hadisi nyingine. Ilitoka 2018, bure, kwa iPhone, kwa ajili ya watu wasioona: inakuambia jina la barabara kutoka upande ule barabara iko kweli. Microsoft iliiacha pia. Ila mwanzo wa 2023 iliweka kodi yake wazi, na wengine wameichukua na kuiendeleza. Ilikufa sawa muti uliokatwa na kisiki kikabaki mu udongo. Kati ya kifo hiki na kile cha Detour kuna tofauti moja tu, nayo ni kodi wazi. Kasoro yake kwetu ni nyingine: inasoma OpenStreetMap, na kile ambacho hakuna mutu amekiandika mu OpenStreetMap, kwake hakiko. Vijia vingi vya Katindo havina jina pale. Hiyo ni kazi ambayo sisi wenyewe tunaweza kufanya, hakuna wa kulaumu.

Kama ni kuhukumu kwa akili tu, chombo ninachokiheshimu zaidi ni Roundware, ya Halsey Burgund. Kodi yake ni wazi, na inafanya kitu ambacho nyingine nyingi hazifanyi: musikilizaji naye anaweza kurekodi palepale aliposimama, na anayekuja nyuma anamusikia. Angalia vizuri maana yake. Programu za matembezi ya utalii zimejengwa juu ya mugeni. Zinadhani musikilizaji hajui barabara, "geuka kushoto, mbele yako kuna kanisa". Mutu wa Katindo umwambie geuka kushoto? Atakuambia kushoto kulikua nini kabla baba yako hajaoa. Roundware inadhani musikilizaji ana kitu cha kusema, na kwa muji wetu dhana hiyo ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba inadai seva yako na mutu wa kuitunza. Mimi ni wa mbolea na udongo, seva ilinishinda. Lakini mu hili shirika letu kuna ba-informatisien. Nawaangalia nyinyi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna chombo kitakuuliza, na inabidi ujiulize mwenyewe. Ramani inakubali uchore duara popote. Sikuweka pointi hata moja karibu na Camp Katindo, ijapokua koko alikua na mengi ya kusema kuhusu ukuta ule. Kijana aliyesimama dakika ine mbele ya kambi ya askari, ekuteri mu sikio, anaangalia simu, unataka aeleze nini akiulizwa? "Nasikiliza koko"? Pia baadhi ya programu zinamuonyesha mutengenezaji takwimu za wasikilizaji. Kwingine ni hesabu ya soko tu. Kwetu, kujua mutu alipita wapi na saa ngapi si kitu cha kuchezea. Kama unaweza kuzima ile sehemu, izime.

Basi, mudogo wangu, unauliza nini nafanya sasa. Narekodi kwa simu, kwa WAV kama simu inakubali. Siku ileile naweka nakala mbili, moja kwa kadi ya memwari inayobaki nyumbani, nyingine kwa rafiki anayeishi kartie nyingine. Goma inaweza kuungua upande mumoja, mu 2021 mulijionea wenyewe. Nasafisha sauti kwa Audacity, ni bure na kodi yake ni wazi. Mahali pa kila pointi naandika mu daftari, kwa namba za GPS na kwa maneno pia: "hatua arobaini kutoka muembe, upande wa ziwa". Muembe wenyewe unaweza kukatwa, lakini basi namba zipo. Ndipo naenda kwa programu, na kwangu leo ni Echoes ao izi.TRAVEL, kwa roho ya mutu anayeweka bidhaa mu duka la mwingine: ikifungwa kesho, nina zangu.

Na kuna namna ya Cardiff, ambayo kwa vijia vya Katindo inashinda vyote. Unarekodi tembezi zima mara moja, hatua zako zikisikika, koko ao jirani akiongea njiani: "sasa tunapita kwa fundi wa vyerehani, ngoja kwanza, moto inapita." Faili moja tu la MP3. Linapita kwa Bluetooth, kwa Xender, kwa kadi, linacheza hata kwa simu ya vifungo. Kuta za mawe hazilisumbui, juu halimuulizi satelite kitu. Wapenda teknolojia watasema hiyo si uhalisia ulioongezwa. Sawa. Mu masikio ya musikilizaji, mahali pameongezeka.

Juma lililopita nilienda na jirani mumoja, mama aliyekimbia usiku ule na watoto wake wawili, mpaka pale koko alipopiga fimbo. Sikumwambia koko alisema nini. Nilimuuliza tu walipitia wapi. Aliangalia chini, akafuta vumbi kwa kandambili, akasema tusimame kidogo zaidi kule, juu yeye anakumbuka njia yao ilikua upande wa pili. Tumerekodi dakika sita. Nakala ziko tatu.